Asilimia Tatu ya Nani?

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa bei, hapakosi mtu wa kunitumia ujumbe: "Hiyo asilimia tatu ni ya nani? Maana sokoni kwetu haijafika." Wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni hesabu za bima na pensheni. Vyuoni wanaiita takwimu bima, na mwenye kazi hiyo wengine humwita aktuari. Mtaani Arusha mimi ni "yule wa bima" tu, na nikishajitambulisha hivyo swali linalofuata huwa ni bei ya bima kubwa ya gari.

Ninachofanya hasa ni kukadiria ahadi za leo zitagharimu kiasi gani baada ya miaka 10, 20 au 40, na watu wangapi watakuwa hai kuzidai. Ukiifanya kazi hii muda mrefu unabaki na imani moja na mashaka mengi. Imani ni kwamba hatari haifutwi kwa sheria wala kwa tangazo, inahama tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa hiyo nikisikia sera mpya ya uchumi sikimbilii kuuliza kama ni nzuri. Nauliza mzigo umehamia kwa nani, na kama mwenyewe kaambiwa.

Nianze na hiyo asilimia tatu, kwa sababu naona watu wa takwimu wanasingiziwa. Sioni sababu ya kuamini kwamba wanapika namba. Wastani wa mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa asilimia 3.1, ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5, na ukifuata njia yao hatua kwa hatua unafika walikofika. Kinachonitatiza ni kapu, yaani orodha ya bidhaa na huduma zinazopimwa bei, kila kundi na uzito wake. Tangu Januari 2021 chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2 kwenye kapu la taifa. Kwenye kapu lililotangulia vilikuwa na asilimia 38.5. Uzito huo umetokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, na kwa nchi nzima ikichukuliwa kwa pamoja ni sawa kabisa. Lakini katika hesabu ya namna hii kila mtu anahesabiwa kwa shilingi anazotumia. Mwenye magari mawili na watoto shule ya kulipia, pale Njiro, anavuta kapu kuliko wauza mboga kumi wakijumlishwa.

Shangazi yangu anauza ndizi Mbuyuni, Moshi. Kwa jinsi ninavyoijua nyumba yake, katika kila shilingi 100 anazotumia, 60 hivi zinakwenda kwenye chakula. Sasa chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vitu vingine vyote vikitulia, kapu la taifa litasoma asilimia 2.8. La shangazi litasoma 6. Hakuna aliyedanganya hapo, na mtu wa Benki Kuu anaweza kusimama mbele ya kamera akasema mfumuko uko chini ya lengo, akawa mkweli.

Tena shangazi mwenyewe hasemi bei imepanda. Fungu la nyanya la shilingi 1,000 lilikuwa na nyanya sita. Mvua zikizidi linabaki na nne, moja kati ya hizo imebonyea ubavuni na imegeuzwa upande mzuri uangalie juu. Bei ni ileile 1,000. Kwa hesabu, nyanya moja imepanda kwa asilimia 50. Kwa lugha ya Mbuyuni, "nyanya zimeadimika," na mteja anayejua kununua anasimama hapo hapo akidai nyongeza mpaka apewe kitunguu.

Januari 2024 Benki Kuu iliacha kuongoza mambo kwa kupima wingi wa fedha, ikaanza kutangaza riba yake: asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huohuo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Kwa mabenki yanayokopeshana kwa siku saba hiyo ni habari kubwa. Shangazi hakopi huko. Anakopa kwenye kikoba cha akina mama, na mambo yakibana sana anakwenda kwa mkopeshaji mwenye ofisi ya mlango mmoja jirani na stendi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watu hawa katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana wakawekewa kikomo cha riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ukiisoma haraka unaiona ndogo. Iache izae riba juu ya riba kwa miezi 12, unapata zaidi ya asilimia 51 kwa mwaka. Na hicho ndicho kiwango halali. Wanaoitwa kausha damu wako juu yake.

Niliwahi kuomba shangazi anionyeshe fomu yake ya mkopo. Riba ilikuwa 3.5, safi, hakuna wa kumshtaki mtu. Chini yake kulikuwa na ada ya fomu, ada ya afisa kuja kutazama biashara, na "bima ya mkopo" ambayo mimi, mtu wa bima, nilitafuta mkataba wake bila kuuona. Ukijumlisha vyote, riba ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Ndiyo maana siamini sana vikomo. Ukiziba bei mahali pamoja inatokea pengine, kwenye mstari ambao mdhibiti haukagui. Ningekuwa na sauti, ningeacha kugombania asilimia, nikalazimisha kila mkopeshaji aandike juu kabisa ya fomu, kwa herufi kubwa: umechukua kiasi hiki, utarudisha kiasi hiki, mwisho tarehe hii. Shangazi hajui asilimia, lakini shilingi anazijua kuliko mimi.

Jambo hilohilo tuliliona kwenye sukari. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilivuruga uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na mkoa. Kumbuka Moshi ni mji wenye kiwanda cha sukari, TPC, huko Arusha Chini. Mangi mwenye duka mtaani kwetu hakuivunja bei elekezi hata siku moja. Kwa bei hiyo, kwake sukari ilikuwa "imeisha." Kwa anayefahamika ilikuwepo, nusu kilo, imefungwa kwenye gazeti, na ilikuwa vizuri ukichukua na sabuni. Mwenye muda wa kuzunguka na mwenye kujuana na mwenye duka alikunywa chai yenye sukari. Mgeni wa mtaa alikunywa ya chumvi.

Arusha tuna somo la kwetu, la dola. Novemba 2018 maduka ya kubadilisha fedha mjini yalikaguliwa kwa ghafla, wanajeshi wakiwemo, mengi yakafungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kudhibiti utakatishaji wa fedha. Sikuwa na ugomvi na sababu hiyo. Ila watalii hawakuacha kuja na dola zao, na dola ikishaingia mjini lazima ibadilishwe na mtu, dukani au pembeni. Kisha 2023 na 2024 dola zikawa adimu kweli, na Machi 2025 zikaja kanuni za kupiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za humu ndani. Mwenye nyumba wa rafiki yangu alitii haraka. Kodi ya dola ikaandikwa kwa shilingi, na mkataba mpya ukaongezewa kifungu: kodi itapitiwa "kulingana na hali ya soko." Shilingi ilipoimarika baadaye mwaka huo, hali ya soko haikuonekana.

Sasa nifike kwenye chanzo cha mashaka yangu, maana si vitabu vilivyonitia mashaka. Ni bima ya baba.

Baba alikuwa karani Moshi. Mwaka 1974 alikata bima ya maisha ya shilingi 20,000, ya miaka 20, makato yakitoka kwenye mshahara kila mwezi. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti kidogo, na 20,000 ilikuwa pesa ya kusimamisha nyumba ya maana kijijini. Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, maduka yakawa matupu, watu wakapanga foleni za sabuni, na bei zikawa zinapanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Mwaka 1986, nchi ikiwa imekubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa kutoka 17 kwa dola hadi 40. Kufikia 1994 ilikuwa imepita 500.

Bima ikaiva mwaka huohuo wa 1994. Kampuni ilimlipa baba kila senti, pamoja na bonasi. Alinunua mabati, hayakutosha hata kumaliza jiko la nje. Fanya hesabu mwenyewe: bei zikipanda kwa asilimia 25 kwa mwaka kwa miaka 20, kitu cha shilingi moja kinafika shilingi 86. Ile 20,000 inabaki na nguvu ya shilingi 230.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba hakuna kifungu cha mkataba kilichovunjwa. Mkaguzi yeyote angevikuta vitabu safi: ahadi ilikuwa 20,000 na kilicholipwa ni 20,000. Hatari ya shilingi yenyewe kupungua haikuandikwa popote kwenye ile karatasi, na kisichoandikwa hubebwa na mwenye kuweka sahihi chini. Baba hakulaumu mtu. Alichofanya ni kukataa katakata bima nyingine yoyote mpaka anafariki, na mwanawe akaenda kusomea bima.

Hatari hiyohiyo huweza kugeuka upande wa pili. London kulikuwa na kampuni iitwayo Equitable Life, iliyoanzishwa mwaka 1762, na ndiko cheo cha aktuari kilikoanzia. Katika miaka ambayo riba zilikuwa juu iliwaahidi wateja wake wengi kiwango cha chini cha pensheni ambacho hakitashuka. Ilionekana ahadi rahisi. Miaka ya 1990 mfumuko wa bei na riba vikashuka, watu wakaanza kuishi muda mrefu zaidi, na ile ahadi rahisi ikawa ghali kuliko kampuni yenyewe ilivyojiandaa. Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua ahadi iheshimiwe, na Desemba mwaka huo kampuni ikafunga mlango kwa wateja wapya. Wataalamu walikuwepo, wadhibiti walikuwepo, hesabu zilikuwepo. Hakuna aliyetaka kuuliza itakuwaje mambo yakiwa mazuri.

Hayo yote nayasema ili nifike kwenye kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, ambacho sijawahi kukaa msibani wala harusini Kilimanjaro bila kuulizwa.

Kwa asiyefuatilia: Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi. Kanuni mpya zikashusha malipo ya mkupuo, yaani sehemu ya pensheni anayolipwa mstaafu kwa mara moja, hadi asilimia 25 kwa wote. Kelele zikawa kubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine cha mkupuo wa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani.

Mjadala wa mtaani umebaki kwenye hizo asilimia za mkupuo. Mabadiliko mengine mawili yamepita kimyakimya. Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Zamani kwenye mfuko kama PSPF, mmoja wa ile minne iliyounganishwa, pensheni yake ya mwaka ilipatikana kwa kugawa miezi hiyo kwa 540: 360 kwa 540, mara milioni 12, ni milioni 8. Nusu yake ilizidishwa mara 15.5 kupata mkupuo, shilingi milioni 62, na nusu iliyobaki ikawa pensheni ya mwezi, kama 333,000. Sasa tunagawa kwa 580. Pensheni ya mwaka inakuwa kama milioni 7.45 kabla hujagusa mkupuo. Asilimia 40 yake unaizidisha mara 12.5, unapata milioni 37.2, na kila mwezi utapokea kama 372,000. Kwa ile asilimia 33 ya 2022 mkupuo ulikuwa milioni 30.7, na pensheni ya mwezi kama 416,000.

Kutoka 62 hadi 37. Mstaafu akikuambia amepunjwa mkupuo, usimbishie, hesabu inamuunga mkono. Na mfuko nao ukikuambia hesabu ya zamani ilikuwa haibebeki, usiubishie pia. Kumlipa kila mtu mara 15.5 ilikuwa ni kugawa mali ya waliokuwa bado kazini.

Ninapotofautiana na wakubwa ni kwenye maelezo ya shimo lilitoka wapi. PSPF ilibeba watumishi ambao kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia chochote, kwa kuwa pensheni yao ilikuwa inatoka moja kwa moja Hazina. Mfuko ukaanza kuwalipa kwa miaka yao yote ya kazi, na gharama ya miaka ile ya nyuma ikawa deni la Serikali. Deni hilo lilikaa na kukua. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hatifungani maalumu (hati za Serikali kudaiwa, zenye riba) za shilingi trilioni 2.17 kupunguza sehemu yake. Nawapongeza kwa hilo, bila utani. Lakini ukiupanga mlolongo vizuri, utaona sehemu ya ahadi ya mwaka 1999 imekuja kulipwa na mwalimu anayestaafu leo, kwa kugawiwa 580 badala ya 540. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliambiwa kikokotoo kimeboreshwa ili mfuko uwe endelevu.

Jambo la pili ninalotofautiana nao ni ile dharau kwa wanaotaka mkupuo. Kwenye semina utasikia: wastaafu hawana elimu ya fedha, wakipewa hela nyingi wananunua Noah, mwaka haujaisha gari liko juu ya mawe. Wapo. Nami nawajua. Lakini tazama hesabu. Kikokotoo kinakupa shilingi 12.5 taslimu kwa kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiacha. Ukizipata hizo 12.5 na kuziweka mahali panapolipa asilimia 8 tu, utapata shilingi yako moja ileile kila mwaka, na mtaji bado ni wako. Je, asilimia 8 inapatikana? Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilikuwa ikilipa asilimia 15.95, na hata ilipopunguzwa mwaka 2022 ilishuka hadi 12.56. Kwa hiyo riba ya chini, shilingi 12.5 zinazaa zaidi ya shilingi 1.5 kwa mwaka. Mstaafu anayegombania mkupuo anajua hesabu kuliko mtoa semina, hata kama hawezi kuieleza kwa maneno ya semina.

Na kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi. Pensheni ya mwezi haipandi yenyewe bei zinapopanda. Hupandishwa kwa tathmini na uamuzi wa watu. Ile 372,000, mfumuko ukibaki asilimia 4 kwa miaka 20, itabaki na nguvu ya shilingi 170,000 hivi. Mfumuko ukiwa 10, ni chini ya 56,000. Mzee aliyeiona miaka ya 1980 hahitaji jedwali langu. Anaposema "nipeni changu sasa" anatoa makadirio ya thamani ya shilingi kwa miaka ishirini ijayo, na makadirio yake ametoa alikotoa baba yangu.

Lakini hatifungani nayo nisiisifie kupita kiasi. Ina tatizo lilelile la bima ya baba: riba imefungwa, mtaji umefungwa, na bei hazijafungwa. Wadhibiti wengi duniani, kwa kanuni zinazoitwa za Basel, huihesabu hatifungani ya serikali ya nchi kwa fedha ya nchi hiyo kana kwamba haina hatari, hivyo benki haitakiwi kutenga mtaji kwa ajili yake. Haina hatari ya kutolipwa, sawa. Silicon Valley Bank ya California ilikuwa imejaza dhamana za muda mrefu za namna hiyo, salama kabisa kwa vigezo vya kutolipwa. Riba Marekani zikapanda kutoka karibu sifuri mwaka 2022, thamani ya dhamana hizo ikaporomoka, wenye amana wakakimbilia pesa zao, na tarehe 10 Machi 2023 benki ikafungwa. Mimi kanuni nyingi naziona hivyo: zinapima kwa bidii hatari iliyotuumiza mara iliyopita.

Sasa kuhusu mwalimu. Alinifundisha hisabati sekondari, amestaafu mwaka jana, na mkupuo wake haukuwa mbali na huo wa mfano wangu. Nilipita kwake Rau, Moshi, kumsalimia na nikaingia na karatasi zangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Umekuja kunifundisha?"

Nilimwonyesha. Milioni 37 kwenye hatifungani ya miaka 25, hata kwa asilimia 12.56, ni kama milioni 4.65 kwa mwaka, inalipwa kila miezi sita bila kugombana na mtu. Yeye alikuwa ameshaanza kujenga vyumba vitano vya kupangisha, kwenye kiwanja cha urithi, shilingi 50,000 kila chumba. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka vyumba vyote vikiwa na watu, kabla ya kodi ya Serikali, kabla ya choo kuziba, kabla ya mpangaji kuhama usiku. Nikamwambia anapoteza zaidi ya milioni moja na nusu kila mwaka.

Aliipitia karatasi taratibu, kalamu mkononi, kama anasahihisha. Akauliza: "Hii 4.65, mwaka wa kumi itakuwa ngapi?"

"Ileile, mwalimu."

"Na mwaka wa ishirini?"

"Ileile."

"Basi umeacha hesabu katikati. Wapangaji wangu nitawapandishia. Benki Kuu itanipandishia?"

Nilirudi Arusha nikaikamilisha. Kodi ya vyumba ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, inaikamata hatifungani baada ya miaka kama tisa, kisha inaipita. Ikipanda kwa 3, ambayo ndiyo asilimia yetu ya taifa, inachukua kama miaka 15, na mwalimu atakuwa na miaka 75. Hapo hatifungani inashinda kwa muda mwingi ambao yeye na mama watahitaji dawa. Nikampigia nikamweleza kwamba kwa hiyo yote yanategemea mfumuko wa bei utakuwa wa nani, wa taifa au wa Rau. Akasema wa Rau anaujua, wa taifa ataendelea kuusikia redioni.

Nilimbana kwenye jambo moja tu, kwamba hajatenga chochote kwa ajili ya miezi ambayo chumba kitakaa kitupu. Chumba cha tano hakijapata mtu mpaka leo. Nilipomkumbusha juzi, alisema kama kinaninyima usingizi kiasi hicho nikipange mimi, kodi ni ya miezi sita, kwa shilingi.